Kumdai mchukuzi baada ya bima kulipa: hatua za kurudisha fedha za shehena iliyoharibika baharini

Kampuni ya bima ikishamlipa mteja ambaye shehena yake imeharibika safarini, kazi imefika nusu. Nusu iliyobaki ni kumfuata aliyesababisha hasara ili fedha zirudi. Haki hiyo huitwa subrogesheni: bima aliyelipa anashika nafasi ya mteja na kudai kwa haki zile zile alizokuwa nazo mteja, bila kuongeza hata moja. Mteja akiwa amechelewa, bima naye amechelewa. Mteja akiwa amesaini kumsamehe mchukuzi, bima hana cha kudai. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia getini bandarini. Ofa utakayopewa mwezi wa kumi tangu shehena ikabidhiwe itatokana na karatasi zilizoandikwa siku tatu za kwanza.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: kontena la futi 20 limefika Dar es Salaam na katoni 800 za maziwa ya unga, kila katoni kilo 12, thamani ya CIF (bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja) dola 60 kwa katoni. Katoni 400 zimelowa na zimeteketezwa. Hasara ni dola 24,000.

Hatua ya 1: Siku ya kupokea, andika kabla ya kusaini

Dereva au wakala wa forodha anapochukua kontena husaini karatasi ya makabidhiano, EIR. Akisaini bila neno lolote, amekiri kontena ni zima. Kuna tundu, kutu iliyotoboka, mpira wa mlango uliochanika au sili yenye namba tofauti na iliyo kwenye hati ya shehena? Yote yaandikwe hapo hapo, kisha ipigwe picha inayoonyesha namba ya kontena na kasoro kwa pamoja. Picha ya tundu peke yake haimfungi mtu, kwa kuwa inaweza kuwa ya kontena lolote.

Baada ya hapo mteja apeleke notisi ya maandishi kwa wakala wa meli. Chini ya kanuni za Hague na Hague-Visby, ambazo ni kanuni za kimataifa za kuchukua shehena kwa bahari, hasara inayoonekana hutolewa notisi wakati wa kupokea, na isiyoonekana ndani ya siku 3. Barua haihitaji urefu: jina la meli, namba ya safari, namba ya hati ya shehena, namba ya kontena, aina ya hasara, tamko kwamba mchukuzi anawajibishwa, na mwaliko wa ukaguzi wa pamoja wenye siku, saa na mahali. Itumwe kwa barua pepe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Notisi ikikosekana, dai halijafa, ingawa wachukuzi wengi hujibu kana kwamba limekufa. Kinachotokea ni kwamba shehena inachukuliwa kuwa ilikabidhiwa ikiwa nzuri, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuangukia wewe. Tena kanuni zenyewe zinasema notisi haihitajiki pale ambapo shehena ilikaguliwa kwa pamoja wakati wa kupokelewa. Mwaliko ule una thamani kuliko wengi wanavyodhani.

Mteja akumbushwe pia kwamba kutunza haki dhidi ya mchukuzi ni wajibu wake chini ya bima. Kifungu cha 16 cha masharti ya Institute Cargo Clauses kinasema hivyo waziwazi.

Hatua ya 2: Ukaguzi unaojibu swali la chanzo

Mkaguzi wa hasara, yule anayeitwa savea bandarini, asiishie kuhesabu katoni zilizolowa. Dai hushinda au hushindwa kwenye swali la maji yalitoka wapi. Mwagize mambo matatu.

Kwanza, kipimo cha nitrati ya fedha. Tone likigusa unyevu wenye chumvi hutoa weupe kama maziwa, dalili ya maji ya bahari. Lisipotoa kitu, maji ni ya mvua au ni jasho la kontena, yaani unyevu wa ndani uliogeuka matone. Kwa maziwa ya unga kipimo kifanywe kwenye boksi la nje na ukuta wa kontena, maana bidhaa yenyewe inaweza kuwa na chumvi yake.

Pili, kipimo cha mwanga. Mtu anaingia ndani ya kontena tupu mchana, milango inafungwa, anatazama paa na kona. Nukta ya mwanga ni njia ya maji. Kifanywe kabla kontena halijarudishwa kwa mchukuzi. Kontena likisharudi na kuzibwa, ushahidi umekwenda.

Tatu, mchoro wa mahali katoni zilizolowa zilipokuwa. Zikiwa chini ya tundu moja, mchukuzi ana kazi ya kueleza. Zikiwa safu yote ya juu, matone yamesambaa sawasawa na hakuna chumvi, hilo ni jasho la kontena, na mchukuzi atalirudisha kwa mpakiaji na ufungashaji wake. Ni bora ulijue mapema kuliko kuambiwa na wakili wa upande wa pili.

Shehena ya baridi ni habari nyingine: omba data za joto za mashine ya kontena, hewa inayoingia na inayorudi, kuanzia kupakiwa hadi kukabidhiwa. Ziombwe kwa maandishi wiki ya kwanza.

Hatua ya 3: Lipa kwa haki, kisha kusanya jalada

Subrogesheni huzaliwa na malipo yaliyofanywa chini ya bima iliyo hai. Bima akilipa hasara ambayo sera yake haikuikinga, kwa kumridhisha mteja mkubwa, mchukuzi anaweza kusema amelipa kwa hiari yake na hana nafasi ya kushika. Barua ya kukubali dai itaje kifungu kilichotumika.

Jalada kamili lina: sera au cheti cha bima, ankara, orodha ya mzigo, hati ya shehena pande zote mbili, EIR, notisi, ripoti ya ukaguzi yenye picha, cheti cha kuteketeza au risiti ya mauzo ya mabaki, uthibitisho wa malipo, na hati ya mteja ya kupokea malipo na kukabidhi haki. Ukurasa wa nyuma wa hati ya shehena husahauliwa mno, na ndimo yalimo sheria inayotumika, mahakama na ukomo wa muda. Kumbuka pia kwamba katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kesi hufunguliwa kwa jina la mteja, isipokuwa haki yenyewe imehamishwa rasmi. Kesi nyingi zimeanguka kwa kuandikwa jina la bima.

Hatua ya 4: Mjue mdaiwa na kikomo cha dhima yake

Nembo iliyo juu ya hati ya shehena si lazima iwe ya mchukuzi. Soma saini. Ikiwa imesainiwa kwa niaba ya nahodha, mara nyingi mdaiwa ni mwenye meli. Ikiwa kwa niaba ya kampuni iliyokodi meli, ni kampuni hiyo. Jina la mwenye meli aliyesajiliwa hupatikana bure kwenye tovuti ya Equasis. Mkiwa na shaka, andikieni wote.

Halafu piga hesabu ya kikomo. Chini ya Hague-Visby ni SDR (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo ya uzito wa shehena iliyoharibika, kinachokuwa kikubwa. Kwenye mfano wetu, hati ya shehena ikiandika "kontena 1 lenye katoni 800", kila katoni ni kifurushi: 400 mara 666.67 ni SDR 266,668, hivyo kikomo hakitugusi. Ikiandika "kontena 1 la maziwa ya unga" tu, kifurushi ni kimoja, na tunaangukia kwenye uzito: kilo 4,800 mara 2 ni SDR 9,600. SDR ikihesabiwa kwa dola 1.3, hizo ni dola 12,480, takriban nusu ya hasara. Maneno mawili yaliyoachwa na mpakiaji yamekula nusu ya dai.

Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa Kanuni za Hamburg za 1978, zenye kikomo cha SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo, na muda wa miaka 2. Hoja hiyo iweke mezani. Lakini hati nyingi za kampuni kubwa za meli huchagua Hague au Hague-Visby na mahakama ya nje, mara nyingi London, kwa hiyo usipange kalenda yako kwa miaka 2.

Hatua ya 5: Linda mwaka mmoja

Hague na Hague-Visby hutoa mwaka 1 tangu shehena ikabidhiwe, au siku ilipopaswa kukabidhiwa. Haihesabiwi tangu bima alipolipa. Jalada likifika mezani mwezi wa nane tangu makabidhiano, umebaki na minne. Mazungumzo hayasimamishi saa, hata yakiwa ya kirafiki namna gani, na kesi iliyofunguliwa kwenye mahakama isiyo sahihi inaweza isihesabike.

Mwezi wa kumi tangu makabidhiano omba nyongeza ya muda, kwa kawaida miezi 3. Iwe kwa maandishi, ifike kabla ya ukomo, itaje tarehe mpya, itolewe kwa niaba ya mwenye meli na mkodi wa meli, na impe haki kila mwenye maslahi katika shehena. Nyongeza iliyotolewa na wakala "kwa niaba ya wakuu wetu" bila kuwataja ni shimo. Isipopatikana wiki tatu kabla, mpe wakili kazi ya kufungua kesi.

Hasara ikitokea mikononi mwa bandari, saa ni nyingine. Kwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, kifungu cha 66 cha sheria yake kinataka notisi ya mwezi 1 kabla ya kesi, na kesi ndani ya miezi 12. Kwa mzigo wa ndege chini ya Mkataba wa Montreal, malalamiko ya uharibifu ni ndani ya siku 14 na kesi ndani ya miaka 2.

Hatua ya 6: Barua ya dai na mazungumzo

Dai kiasi unachoweza kukithibitisha. Bima hulipa CIF pamoja na asilimia 10. Kwetu ni dola 26,400, na mteja akibeba dola 1,000 za kwanza, bima ametoa 25,400. Mchukuzi hafungwi na ile asilimia 10, maana yeye hupimwa kwa thamani ya shehena mahali na siku ya kushushwa. Bila ushahidi wa bei ya soko, daini 24,000 na ada ya ukaguzi, tuseme 900: jumla 24,900. Sehemu ya mteja imo humo humo, kwa kuwa dai moja haligawanywi mara mbili.

Kabla ya kupiga simu, tafuta sakafu yako. Uwezekano wa kushinda ukiwa asilimia 70, dai lina thamani ya dola 17,430. Toa gharama ambazo hazitarudi, mathalani 5,000, unabaki na 12,430. Chini ya hapo kesi ni bora kuliko ofa. Namba hii ibaki ndani ya jalada, na iandikwe kabla ya ofa ya kwanza, kwa sababu ofa ikishatajwa huvuta akili kwenda kwake.

Majibu ya mchukuzi, au ya klabu yake ya P&I (chama cha wenye meli kinachokinga dhima zao), yanajulikana. "Mpakiaji alipakia na kuhesabu mwenyewe": hoja nzito kwenye upungufu wa katoni huku sili ikiwa nzima, lakini nyepesi kwenye maji yaliyopita tundu la kontena alilolitoa mchukuzi. "Bahari ilichafuka": omba kitabu cha kumbukumbu za meli na taarifa za hewa, dhoruba ya kawaida kwa msimu huo haimwokoi, na wajibu wake wa kuiandaa meli kwa safari huja kwanza. "Tunatoa asilimia 30 kwa ajili ya uhusiano wa kibiashara": uliza hoja ya kisheria iliyoleta 30. Wakishindwa kuitaja, kataa na usitaje namba mpya barua hiyo. Anayeshuka bila kupewa sababu hufundisha wenzake kusubiri. Barua zote za kupatana ziandikwe kwamba haziathiri haki za upande wowote.

Mkikubaliana, soma hati ya kuachilia madai neno kwa neno. Klabu hupenda kuweka ahadi kwamba bima atawakinga dhidi ya dai lolote la mtu yeyote. Ipunguzwe ihusu madai ya wenye hati hiyo ya shehena tu, na isiwaachilie bandari wala mwenye lori kama bado mnawadai. Weka siku ya malipo, siku 30 zinatosha, na andika kwamba nyongeza ya muda inaendelea mpaka fedha ziingie benki. Zikiingia, mgawo wa mteja kwa ile dola 1,000 ulipwe kama sera inavyoelekeza.