Kabla ya kupakia nafaka na unga, kagua behewa tupu

Saa sita mchana, jua likiwa la utosi, ingia ndani ya behewa tupu, mwambie mwenzako afunge mlango, kisha tulia dakika mbili mpaka macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga utakayoiona, juu ya paa au pembeni mwa mlango, ndipo maji ya mvua yatakapopita. Izungushie chaki, na tundu hilo lizibwe kabla gunia la kwanza halijapanda. Matundu yakiwa mengi, likatae behewa. Ni haki yako, na kusubiri siku mbili stesheni kuna nafuu kuliko kupokea unga ulioganda mabonge.

Lakini mwanga hauonyeshi kila kitu. Behewa kuukuu lililopigwa mbao kwa ndani lina uwazi kati ya ubao na bati, na uwazi huo ndio ghala la wadudu. Siku moja tulibandua ubao wa chini kabisa, kwenye kona ya behewa lililokwisha kufagiwa vizuri. Nyuma yake tulikuta unga wa zamani umegandamana kama sega la nyuki, wa kijivu, umeshikana kwa nyuzi za nondo, na vidudu vyekundu vidogo vikikimbia kujificha. Kwenye kona ile moja tulikomba konzi mbili. Ukiweka viroba vipya mbele ya ubao kama huo, wadudu wale hawana safari ndefu: wanapita kwenye nyuzi za mshono tu.

Wenzetu wa Marekani na Canada walipambana na jambo hilihili enzi ngano yao iliposafiri kwa mabehewa ya mbao, mlangoni wakigongomelea mbao za kuzuia nafaka isimwagike. Sehemu kubwa ya nafaka yao sasa husafiri kwa mabehewa ya chuma yanayofunguka chini, yasiyo na ukuta wa pili wa kuficha mabaki. Sisi tunaosafirisha kwa magunia bado tuna kazi ya kupekua mbao. Na tusisahau dumuzi. Mdudu huyu wa Amerika ya Kati alianza kututesa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akasambaa kwa biashara ya mahindi na makopa, yaani mihogo mikavu. Tabora ni njiapanda ya reli: ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana pale. Tena dumuzi hutoboa hata mbao, kwa hiyo ubao wenye vitundu na vumbi laini chini yake si wa kupuuzwa.

Usafi uanzie juu kushuka chini. Gonga mbao kwa nyundo ili mabaki yaporomoke, chokoa nyufa kwa patasi au waya, halafu fagia paa, kuta, mwisho sakafu. Mabaki hayo yaliyofagiwa yachomwe au yafukiwe mbali na ghala. Kuwapa kuku mabaki hayo pale stesheni ni kuwarudisha wadudu mlangoni. Usimwage maji isipokuwa una muda wa kuliacha behewa wazi likauke kabisa. Vuta pumzi pia: harufu ya mafuta ya taa, ngozi, mbolea au samaki wakavu haitoki kwa kufagia, na unga huinasa upesi sana. Mahindi yanaweza kuvumilia harufu hafifu, unga hauvumilii. Misumari na bolti zilizochomoza zipigwe chini, maana tundu dogo kwenye kiroba humwaga unga njia nzima.

Kunyunyizia kuta kiuatilifu kilichosajiliwa kwa maghala ya nafaka kunafaa, mradi kuta zikauke kabla ya kupakia na kipimo kiwe cha kwenye lebo. Ila dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka isiguse unga wa kula hata chembe. Vidonge vya gesi vya kufukizia visiwekwe ndani ya behewa kabisa. Behewa kuukuu linavuja, gesi inatoroka kabla mayai hayajafa, na mlinzi au msafiri aliyejibanza humo usiku anaweza kupoteza maisha. Fukizeni ghalani, chini ya turubai lisilopitisha hewa, kwa mkono wa fundi aliyesomea, ndipo mpakie.

Sasa unyevu. Mahindi yasizidi asilimia 13.5, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama huna kipimo, weka chumvi kavu kidogo na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, iache dakika chache. Chumvi ikinata ukutani, yarudishe juani. Mahindi mabichi ndani ya bati hutoa mvuke mchana, usiku paa linapoa, mvuke unageuka matone na kudondokea magunia ya juu. Ukungu huanzia hapo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hufuata. Tandaza katoni au magunia matupu ya katani juu ya shehena yanyonye matone.

Sakafuni weka chaga, juu yake karatasi nene. Acha nafasi ya kiganja kati ya magunia na ukuta. Mlangoni simamisha mbao ili mzigo usiegemee mlango, na magunia yakae ndani kidogo, kwa kuwa mvua ya upepo hupenya hapo hata mlango ukifungwa. Unga na nafaka visipande behewa moja. Nafaka ndiyo huleta mgeni.

Andika namba ya behewa, idadi ya magunia na namba ya lakiri (muhuri unaofungia mlango), upige picha. Mpokeaji atazame lakiri kabla ya kuikata, kisha achome bambo (chuma chenye uwazi cha kuchotea sampuli) kwanza kwenye magunia ya mlangoni na ya safu ya juu. Akikuta moja limelowa, alitenge palepale, kabla vibarua hawajalichanganya na mengine.