SOMO: Ushuru wa kaboni wa Ulaya (CBAM), hatua kwa hatua

Wakuu habari za asubuhi kutoka Dodoma. Nimeulizwa sana hii CBAM ni nini, naandika mara moja tusome wote. Ni malipo ambayo Umoja wa Ulaya unatoza bidhaa zinazoingia kwao, kufuatana na hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuzitengeneza.

Hatua ya 1: angalia bidhaa yako imo au haimo. Zilizomo ni saruji, chuma, aluminiamu, mbolea za naitrojeni, haidrojeni na umeme. Zabibu, alizeti, ufuta, karanga hazimo, mkulima wa Kondoa lala usingizi wako.

Hatua ya 2: jua nani analipa. Ni muagizaji wa kule Ulaya, ananunua vyeti, cheti kimoja tani moja ya hewa ukaa, bei inafuata mnada wao wa vibali vya kutoa hewa ukaa. Oktoba 2023 mpaka mwisho wa 2025 ilikuwa ripoti tu, mzigo wa kuanzia 2026 ndo wa hela na vyeti vyake vinauzwa kuanzia Februari 2027. Ila muagizaji akishapigwa gharama anakuja kukubana wewe kwenye bei.

Hatua ya 3: rekodi. Hapa ndo penyewe jamani, kila mwezi andika tani ulizozalisha, lita za dizeli, kilo za makaa, na kwa saruji na mbolea hata uniti za umeme maana zinahesabiwa, afu tunza risiti zote kwa sababu mkaguzi atazitaka. Na kwenye saruji sio makaa tu, jiwe la chokaa lenyewe likichomwa kuwa klinka (yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji) linatoa hewa ukaa. Usipokuwa na namba zako wanatumia makadirio yao, nayo yamewekwa juu, yaani kiwanda kinachochoma kidogo kinahesabiwa kama kinachochoma sana. Inauma sana hii.

MASWALI

Mkuu mi nakusanya skrepa hapa Dodoma, imo?
Haimo kaka, chuma chakavu na aluminiamu chakavu vimeachwa. Ukiyeyusha ukatoa nondo umeingia.

Na kama mzigo ni kontena moja tu kwa mwaka?
Muagizaji ambaye hafikishi tani 50 za bidhaa hizi kwa mwaka amesamehewa tangu marekebisho ya 2025, ila dada angalia, wanajumlisha mizigo yake yote sio wako peke yako. Muulize yeye.

Tukilipa bei ya kaboni hapahapa nchini?
Wanaikata kule ukionyesha ushahidi kwamba imelipwa kweli. Ndo maana mi natamani wabunge wetu wajadili jambo hili hapahapa Dodoma, hela hiyo kama lazima itoke bora ibaki kwetu.