Kupima safu za mbele za Michigan na Ohio State kwa takwimu

Ukitaka kujua ni safu ipi ya mbele, yaani wachezaji watano wanaowazuia mabeki wakati timu yao inashambulia, iliyo bora kati ya vyuo vikuu vya Michigan na Ohio State, weka kando kwanza jumla ya yadi za kukimbia kwenye karatasi ya matokeo. Katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo, kwotabeki (mrushaji wa pasi) akiangushwa kabla hajarusha mpira, yaani saki, yadi alizopoteza hukatwa kwenye mbio za timu. NFL, ligi ya kulipwa, huzikata kwenye pasi.

Tazama mechi yao ya Novemba 2021, Michigan iliposhinda 42-27. Ohio State iliandikiwa mbio 30 na yadi 64. Mkimbiaji wao TreVeyon Henderson peke yake alikuwa na yadi 74 kwa mbio 17, zaidi ya timu nzima! Ndani ya zile 30 zimo saki 4 za kwotabeki wao C.J. Stroud. Anayegawa 64 kwa 30 anapata 2.1 na kusema safu haikufungua njia, kumbe amechanganya kazi mbili: kufungua njia na kumlinda mrushaji. Zipime mbali mbali.

Utahitaji orodha ya matukio ya mechi, moja baada ya jingine. CollegeFootballData.com huitoa bure ukishajiandikisha na kupewa ufunguo, yaani msimbo wa kuchukulia data. Kwa kila tukio weka timu, mpinzani, robo, tofauti ya pointi, dauni (jaribio la ngapi kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), yadi zinazohitajika, aina ya tukio na yadi zilizopatikana. Kisha safisha. Saki zihamishie kwenye jedwali la pasi. Futa kwotabeki anapopiga goti kumaliza muda, maana huandikwa kama mbio ya hasara, na futa mpira unaopigwa chini makusudi kusimamisha saa, maana huandikwa kama pasi iliyokosa. Toa mechi dhidi ya timu za FCS, daraja la chini la vyuo. Toa pia dakika ambazo mechi imeshaamuliwa. Mpaka mzuri wa kuanzia ni pengo la zaidi ya pointi 28 katika robo ya kwanza, 24 ya pili, 21 ya tatu na 16 ya nne. Kinachosumbua ni kwotabeki kukimbia baada ya pasi kushindikana, kwa sababu huandikwa kama mbio ya kawaida. Soma maelezo ya tukio. Yasiposema lolote, ondoa angalau mbio za kwotabeki za dauni ya tatu zinazohitaji yadi 5 au zaidi.

Sasa hesabu yadi za safu. Wazo lake ni kwamba yadi za mwanzo ni kazi ya wanaozuia, na kadiri mbio inavyorefuka ndivyo sifa inavyomhamia mkimbiaji. Yadi ya 1 hadi ya 3 huhesabiwa nzima, ya 4 hadi ya 8 nusu, zinazozidi hapo hazihesabiwi kabisa, na hasara huongezwa kwa asilimia 20. Kwenye lahajedwali, yadi zikiwa seli A2:

=IF(A2<0, A2*1.2, MIN(A2,3)+0.5*MAX(0,MIN(A2,8)-3))

Mbio ya yadi 6 inatoa 4.5. Ya hasara ya yadi 2 inatoa -2.4. Ya yadi 75 inatoa 5.5 tu, na hapo ndipo faida yake inapoonekana. Mwaka 2022 Michigan ilishinda tena, 45-23, na mkimbiaji wake Donovan Edwards akakimbia mara 22 kwa yadi 216, wastani wa 9.8. Mbio mbili kati ya hizo zilikuwa za yadi 75 na 85. Zitoe, zinabaki mbio 20 kwa yadi 56, wastani wa 2.8. Kwa yadi za safu, zile mbili kwa pamoja zina thamani ya 11, si 160. Usikimbilie kusema safu ya Michigan ilikuwa dhaifu: ndiyo iliyotwaa tuzo ya Joe Moore ya safu bora mwaka 2021 na 2022, na mbio ndefu nazo huanza na mtu aliyezuia vizuri. Mbio 20 za mechi moja hazitoshi kumhukumu yeyote.

Andamanisha kipimo hicho na viwili vyepesi: asilimia ya mbio zilizozuiwa, yaani zilizoishia yadi 0 au chini, na asilimia ya zilizofika yadi 4. Cha kwanza ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu mkimbiaji anayekutana na beki kabla hajavuka mstari mchezo unapoanzia hana la kufanya. Mbio za dauni ya tatu na ya nne zinazohitaji yadi 2 au pungufu hupendwa na watangazaji, lakini ni chache mno kwa msimu. Ziache ziwe pambo.

Kwa pasi, gawanya saki kwa jumla ya pasi zilizorushwa na saki zenyewe. Stroud ile siku ya 2021: 4 kwa 53, asilimia 7.5. Kisha tenga dauni za pasi, yaani ya pili ikihitaji yadi 8 au zaidi, na ya tatu au ya nne ikihitaji 5 au zaidi. Hapo mabeki wanajua pasi inakuja, kwa hiyo safu inapimwa kwelikweli. Saki nyingi katika dauni za kawaida mara nyingi humwelekea kwotabeki anayekaa na mpira muda mrefu.

Wapinzani hawalingani, na tangu Big Ten, ligi ya timu hizi mbili, ifike timu 18 mwaka 2024 ratiba zimezidi kutofautiana. Kwa kila mechi, toa wastani ambao mpinzani huyo huwaruhusu wengine, bila kuihesabu mechi yenyewe, kisha tafuta wastani wa tofauti hizo. Ukitaka kukadiria pambano, jumlisha pande mbili. Tuseme wastani wa wote ni asilimia 18 ya mbio zilizozuiwa, safu yako huzuiwa 15, na mabeki wa mpinzani huzuia 23. Makadirio ni 18 - 3 + 5, yaani 20.

Kabla ya kubishana, pima kubahatisha. Kwa mbio 400, kiwango cha asilimia 18 kina kosa la kawaida (kiasi ambacho bahati tu huyumbisha namba) la pointi 1.9, na tofauti ya timu mbili ina kosa la 2.7. Pengo la pointi 2 halithibitishi chochote. Likifika 5 na zaidi, lina uzito.

Utaratibu huu usiupeleke kwa Army na Navy, timu za vyuo vya kijeshi, bila kuurekebisha. Mashambulizi yao hutegemea mbio za kwotabeki kwa makusudi, kwa hiyo ukizitupa kama nilivyoelekeza hapo juu utakuwa umetupa sehemu kubwa ya kazi ya safu zao.