Kuchora mifupa na misuli ya kiinitete, hatua kwa hatua

Mada hii huwasumbua wengi kwa sababu huisoma kwa kukariri majina. Nimetoka kumsaidia mwanafunzi wa ukunga ambaye daftari lake limejaa majina hayo, lakini ukimuuliza msuli wa mkono umetoka wapi anaanza kubabaika. Dawa yake ilikuwa kuchora.

Andaa karatasi zisizo na mistari, mkasi, penseli ya kawaida na penseli tatu za rangi: bluu, kijani na njano. Video za uhuishaji ziache kwanza. Zinavutia, ila kazi ya kufikiri ameshaifanya aliyezitengeneza, nawe unabaki kutazama.

Sharti ni moja: rangi inaonyesha seli zilikotoka, si zitakachokuwa. Mfupa utaujaza rangi, msuli utauchora kwa mistari.

Hatua ya 1: Andika tarehe unazohesabia

Juu ya kila karatasi andika "tangu utungisho". Kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hesabu yao inatangulia kwa takriban wiki mbili. Wiki ya 8 ya kiinitete ni kama wiki ya 10 kliniki. Ukichanganya hesabu hizi mbili, hakuna tarehe hata moja hapa chini itakayokaa sawa.

Hatua ya 2: Tabaka la kati na somiti

Wiki ya 3 kiinitete kina tabaka tatu. Chora la kati tu, yaani mesodemu, kwa mkato wa kupita: katikati notokodi (fimbo laini ya seli inayopita katikati ya mgongo), juu yake mrija wa neva (utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo; si wa tabaka hili, uchore kama alama tu), kandokando yake somiti, yaani mafungu ya seli yaliyopangwa jozi kwa jozi (bluu), na mbali zaidi bamba la pembeni, yaani ukingo wa nje wa mesodemu (kijani). Somiti za kwanza hutokea karibu siku ya 20, kuanzia upande wa kichwa kushuka, kama jozi tatu kwa siku, hadi zifike jozi 42 hadi 44 mwishoni mwa wiki ya 5.

Hatua ya 3: Igawe somiti

Sehemu ya chini iliyo karibu na notokodi ni sklerotomu, nayo itazaa pingili za uti wa mgongo na mbavu. Sehemu ya juu itatoa misuli, na pia ngozi ya ndani ya mgongo. Kinachoamua ni ujirani: notokodi na sakafu ya mrija wa neva hutoa protini inayoziamuru seli zilizo karibu ziwe sklerotomu.

Hatua ya 4: Pingili, na hapa usiharakishe

Kila anayesoma hudhani somiti moja huzaa pingili moja. Sivyo, na ukilipita hili haraka, neva za shingo hazitakuingia akilini kamwe. Mwanaembriolojia Robert Remak alilieleza tangu 1855, na bado watu hulipita.

Kata vipande viwili virefu vya karatasi. Kwenye kila kimoja chora miraba tisa kwenda chini, uipe namba 1 hadi 9: minane ni somiti za shingo, wa tisa ni wa kwanza wa kifua. Kipande cha kwanza ni sklerotomu, cha pili ni misuli. Katika kila mraba wa sklerotomu, nusu ya juu ipake bluu hafifu na ya chini bluu nzito, maana ndivyo seli zilivyo: juu zimeachana, chini zimesongamana. Neva hupita nusu ya juu, penye nafasi. Ichore ikikaribia mstari wa katikati.

Sasa chukua mkasi, ukate kipande cha sklerotomu katikati ya kila mraba. Narudia: katikati ya mraba, si kwenye mpaka wa mraba na mraba. Kila kipande kipya kitakuwa na nusu ya chini ya somiti moja na nusu ya juu ya ile inayofuata. Hiyo ndiyo pingili.

Kipande cha misuli usikiguse. Watu wakishika mkasi hukata vyote, na hapo zoezi limeharibika. Viweke vipande vya pingili kando ya kile cha misuli, uone: kila msuli sasa umevuka kiungo, kama tofali linalolazwa juu ya maungio ya matofali ya chini. Msuli usiovuka kiungo usingeweza kuupinda mgongo.

Kisha hesabu. Nusu ya juu kabisa ya mraba wa 1 imebaki peke yake: hiyo inaungana na kitako cha fuvu. Nusu ya chini ya mraba wa 8 imeingia kwenye pingili ya kwanza ya kifua. Kwa hiyo somiti nane za shingo zimetoa pingili saba, lakini neva zimebaki nane: ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza, ya nane chini ya ya saba.

Angalizo mbili. Notokodi hupotea ndani ya pingili lakini hubaki kati yake, ikawa kiini laini cha diski. Na mishipa ya damu iliyokuwa mpakani mwa somiti sasa inapita katikati ya pingili; usiisogeze. Mgawanyo huu ukienda vibaya, mtoto anaweza kuzaliwa na pingili nusu, na mgongo ukapinda kuelekea upande mmoja.

Hatua ya 5: Mbavu na kidari

Mbavu bluu, kidari kijani. Endelea.

Hatua ya 6: Mikono na miguu

Machipukizi ya mikono hutokeza mwishoni mwa wiki ya 4, ya miguu siku moja au mbili baadaye. Mifupa ipake kijani: inatoka bamba la pembeni. Misuli ichore kwa mistari ya bluu, kwa sababu seli zake zimehama kutoka somiti. Mkono una rangi mbili, mgongo una moja. Majaribio ya kupandikiza somiti za kware kwenye kiinitete cha kuku, miaka ya 1970, ndiyo yaliyothibitisha hilo, kwani seli za kware hutambulika kwa hadubini.

Wiki ya 7 viungo huzunguka nyuzi 90, mkono kuelekea nje na mguu kuelekea ndani. Ndiyo maana kiwiko kinatazama nyuma, goti mbele.

Hatua ya 7: Gegedu kuwa mfupa

Mifupa mirefu huanza ikiwa gegedu, na mfupa huanzia katikati ya kila mmoja. Kufikia wiki ya 12 mifupa mirefu yote ya mikono na miguu ina vituo hivyo vya katikati ambapo mfupa umeanza. Mtulinga huwahi kuliko yote, na sehemu yake kubwa haipitii gegedu.

Hatua ya 8: Kichwa

Mifupa ya uso ni njano: inatoka seli za ukingo wa neva, yaani zile zinazotoka kingoni mwa mrija wa neva. Mifupa bapa ya fuvu huundwa moja kwa moja ndani ya utando, bila gegedu. Misuli ya ulimi ni bluu, kwani imesafiri kutoka somiti za kisogoni. Misuli ya utumbo na ya moyo usiichore hapa. Inatoka upande wa ndani wa bamba la pembeni, nayo inataka karatasi yake.