Somo: Umebonyeza D, lori limekaa kimya

Miaka yangu mingi ilipita kwenye malori ya mkono wa gia. Siku nilipokabidhiwa la vitufe nilibonyeza D (kitufe cha kwenda mbele), nikakanyaga mafuta, nikasubiri. Moja, mbili, kimya. Honi nyuma zikaanza. Nikaongeza mguu, na hapo ndipo lori likakurupuka kama punda aliyechapwa fimbo. Nililitukana wiki nzima. Leo nafundisha madereva wanaohama kutoka klachi ya mguu kwenda vitufe, na malalamiko ninayoyasikia ni yale yale niliyokuwa nayo mimi.

Kwenye mkono wa gia, wewe mwenyewe ndiye uliyeiingiza gia, uliisikia kiganjani. Kitufe hakigusi gia yoyote. Kinapeleka ombi kwa kompyuta ya giaboksi, nayo ina masharti yake. Mara nyingi ule ucheleweshaji ni kompyuta inasubiri sharti moja ambalo hujalitimiza. Ukilijua, unalitimiza mapema.

Hatua ya 1: Jua una giaboksi gani

Vitufe vinafanana, vilivyo chini ya sakafu havifanani. Kuna otomatiki kamili yenye konveta ya mafuta (inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kupitia mafuta badala ya klachi kavu), ambayo jina lake kubwa ni Allison; utaikuta sana kwenye magari ya zimamoto, ya taka na ya ujenzi. Halafu kuna giaboksi ya kawaida yenye klachi kavu, ila klachi na gia vinaendeshwa na kompyuta: Volvo I-Shift, Scania Opticruise, ZF TraXon, Eaton UltraShift na wenzake. Pedali ya klachi imeondolewa, klachi yenyewe bado ipo na inaungua vile vile.

Njia rahisi ya kutofautisha: ukiwa tambarare, weka D, achia breki taratibu bila kugusa mafuta. Ya konveta itaanza kutambaa kwa sababu muda wote inasukuma. Ya klachi kavu nyingi zitatulia mpaka uguse mafuta, ingawa baadhi zimepangwa kutambaa nazo. Kama huna uhakika, soma kibati cha giaboksi.

Hatua ya 2: Kabla hujabonyeza

Washa swichi, iache kompyuta ijikague, kioo cha paneli ya vitufe kionyeshe N (nyutro), ndipo upige stata. Kwenye aina nyingi za klachi kavu kazi ya kuhamisha gia inafanywa na hewa, kwa hiyo tangi la hewa likiwa tupu asubuhi bonyeza utakavyo, hakuna kitakachotokea. Subiri geji ipande.

Mguu kwenye breki. Injini iwe sailensa, yaani inanguruma taratibu bila mguu kwenye mafuta. Hili la sailensa nalikazia kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi. Kwenye Allison, injini ikiwa juu ya takriban mizunguko 900 kwa dakika, kompyuta inakataa kutoka N kwenda D. Alama kwenye kioo inawakawaka na gia haiingii. Dereva haangalii kioo, anaona tu lori haliendi, anaongeza mafuta, na sasa ndiyo imekataa kabisa. Mguu ukitoka kwenye mafuta na mizunguko ikashuka, usidhani itaingia yenyewe: rudi N, kisha bonyeza D upya. Angalia pia kama kuna kitu kinachopandisha sailensa bila wewe kujua, kwa mfano pampu ya kunyanyulia bodi iliyosahauliwa imewashwa.

Hatua ya 3: Bonyeza mara moja, soma kioo, halafu mguu

Ni kwa mpangilio huo. Kwenye vioo vingi vya Allison vyenye tarakimu mbili, ya kushoto ni gia ya juu kabisa uliyoiruhusu, ya kulia ni gia iliyoingia sasa hivi. Ukiona 6 na 1, gia ya kwanza imeingia, unaweza kwenda. Tulikuwa tunaisikia gia kwa mkono. Sasa tunaisoma kwa macho.

Kwenye klachi kavu, ndani ya sekunde hiyo unayoiona ndefu, kuna kazi inafanyika. Klachi inaachia. Shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye injini bado inazunguka, kwa hiyo inapunguzwa mwendo. Kisha gia inasukumwa. Meno yakikutana uso kwa uso badala ya kuingiliana, kompyuta inarudi nyuma, inaizungusha shafti kidogo, inajaribu tena. Ni kile ulichokuwa ukifanya zamani gia ikigoma: unarudi nyutro, unagusa klachi, unajaribu upya. Kubonyeza mara tano mfululizo hakuharakishi chochote.

Hatua ya 4: Mguu wa mafuta

Pedali nayo ni ombi. Ukiibamiza chini ghafla, injini hairuhusiwi kumwaga dizeli yote mpaka tabo (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) ilete hewa ya kutosha, la sivyo ni moshi mweusi. Ndiyo maana unapata kimya kidogo kisha mkurupuko. Kanyaga kidogo, lisikie limeshika, ongeza.

Penye mzunguko wa barabara ndipo pagumu. Umepunguza mwendo mpaka karibu kusimama, nafasi imetokea, umekanyaga. Kompyuta ilikuwa imeshika gia ya kwenda pole. Sasa inaachia, inatafuta ya chini, na kwa muda huo magurudumu hayana nguvu hata chembe, wewe ukiwa umeshatoa pua. Dawa yake: kabla hujafika, nenda manyuo (hali ya kuchagua gia mwenyewe) na ushushe gia mwenyewe kwa mshale, ukiwa bado unaviringika. Nafasi ikija, gia iko tayari. Usisimame kabisa kama si lazima.

Mlima mrefu ukiwa na mzigo ni hivyo hivyo. Chagua gia chini kabisa ya mlima na uifunge manyuo. Lori likibadilisha gia katikati ya mwinuko kwenye ardhi laini, linaweza kusimama kabla gia mpya haijaingia.

Hatua ya 5: Ikiwa ni ugonjwa

Umetimiza masharti yote na bado linachelewa, tena zaidi ya mwezi uliopita? Basi linaumwa. Kwenye konveta anza na mafuta ya giaboksi: yakipungua, D inachelewa kuingia kisha inaingia kwa kishindo, yakizidi yanatoa povu na matokeo ni yale yale. Allison zenye kipimo cha kielektroniki unaweza kuzikagua kwenye kiti chako. Lori tambarare, N, hendibreki, giaboksi iwe na joto lake la kazi, kisha bonyeza mishale ya juu na chini kwa pamoja. Kioo kitahesabu kurudi nyuma, na hesabu inaweza kuchukua dakika 2. Ikija oL oK, mafuta yako sawa. Ikija LO na namba, yamepungua.

Kwenye klachi kavu anza na uvujaji wa hewa, betri zilizochoka na waya wa athi (unaounganisha umeme na bodi ya lori) wenye kutu. Kompyuta yenye umeme mdogo inakuwa na akili ndogo. Na klachi mpya ikishafungwa, fundi lazima aifundishe kompyuta upya kwa mashine. Akiruka hapo, lori litatetemeka kila ukiondoka.

Maswali ya madereva

*Mwalimu, naendesha tipa. Kwenye mwinuko nikiachia breki linarudi nyuma kabla halijashika. Nifanyeje?*

Kama lina kizuizi cha mlimani (mfumo unaolishikilia lisirudi nyuma), kiwashe. Kama halina, tumia hendibreki: D, mafuta kidogo, ukisikia pua inataka kwenda ndipo uachie. Usilizuie mlimani kwa kukanyaga mafuta. Klachi kavu itanuka kabla hujamaliza kuhesabu kumi, na konveta itachemsha mafuta.

*Kaka, nikikwama kwenye matope nataka kulitikisa, D, R, D, R. Linakataa.*

Linakataa kwa sababu magurudumu bado yanazunguka. Kompyuta haitaingiza R (gia ya kurudi nyuma) mpaka ione mwendo umekaribia sifuri na injini iko chini. Simama kabisa, mguu utoke kwenye mafuta, ndipo ubadilishe. Tia loki ya difu (inayofanya magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja) mapema, kabla magurudumu hayajaanza kuchimba. Baadhi ya klachi kavu zina hali maalumu ya kutikisa. Kitabu cha lori kitakuambia.

*Asubuhi linachelewa, likipata moto liko sawa. Nipeleke kwa fundi?*

Mafuta mazito ya baridi yanachelewa kujaza klachi za ndani. Lipe dakika chache sailensa. Kama hali ya hewa haijabadilika na tatizo limeanza majuzi, kagua kiwango na uulize mara ya mwisho waliweka mafuta gani. Mafuta yasiyo sahihi hujitokeza asubuhi.

*Nikiteremka naweka N kuokoa dizeli. Kuna ubaya?*

Ndugu yangu, acha leo. Unapoteza breki ya injini, breki za magurudumu zinabaki peke yao na zinapata moto. Na kompyuta haina wajibu wa kukurudishia D ukiwa kasi. Malori yenye mfumo wa kuviringika bila gia huamua yenyewe lini ni salama.

*Kwa nini wasiturudishie mkono wa gia tu? Vitufe ni mambo ya vijana.*

Vijana wapi? Chrysler waliweka vitufe vya gia kwenye magari madogo tangu mwaka wa modeli 1956, wakaviacha baada ya 1964. Tofauti ni kwamba vile vilivuta waya wa chuma mpaka kwenye giaboksi.

*Mimi kioo kimezima kabisa baada ya kuosha kebini.*

Maji yameingia kwenye paneli ya vitufe au kwenye plagi yake. Usiendelee kupiga stata. Zima swichi, toa paneli, kausha plagi, kagua fyuzi. Na mara nyingine kebini osha kwa kitambaa, si kwa mpira wa maji.