Kuutambua na Kuuvuna Uyoga wa Njano wa Misitu ya Miombo

Mvua zinapokolea, kati ya Desemba na Machi, misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Iringa hutoa uyoga wa rangi ya njano hadi chungwa ambao wataalamu huuita Cantharellus. Uyoga huu huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti iliyo hai, ukiipatia maji na madini nayo ikiupa sukari. Ndiyo maana huota ardhini, na wala haulimwi kwenye matuta. Ukikuta uyoga wa rangi hiyo juu ya gogo au kisiki, uache.

Rangi ndiyo dalili dhaifu kuliko zote, kwa hiyo geuza kofia utazame chini yake. Mahali pa vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, uyoga huu una mikunjo butu inayogawanyika, inayounganishwa na vishipa vya kukingama, na inayoteremka hadi kwenye shina. Ukiikwangua kwa ukucha haibanduki peke yake, kwa kuwa ni nyama ileile ya kofia. Zipo aina za miombo zenye mikunjo mirefu, nazo humkanganya hata mzoefu. Hizo waachie wenyeji waliokua wakizichuma.

Kisha fukua udongo kwa kisu mpaka ulione tako lote la shina. Anayekata juu juu huacha ardhini kile kifuko kinachotambulisha amanita, jamii yenye uyoga unaoua. Shina la uyoga wetu halina kifuko wala pete, na likipasuliwa huonekana limejaa nyama.

Wako wanaoshikilia kwamba uyoga ulioguguniwa na konokono ni salama, au kwamba kitunguu kikipikwa na uyoga wenye sumu hubadilika rangi. Hayo si kweli hata kidogo: konokono hula uyoga unaomuua binadamu, na moto hauivunji sumu ya amanita.

Uvune kwa kikapu, maana mfuko wa plastiki huutoa jasho na kuuozesha, na uuache ulio mdogo bado na uliozeeka. Pangusa mchanga uliojificha mikunjoni, pika mpaka uive kabisa, na ubakize mmoja mbichi. Anayeula mara ya kwanza ale kidogo. Akitapika au kuharisha, hata ikiwa ni saa 6 hadi 24 baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja pamoja na ule mbichi, wala asirudishwe nyumbani eti tumbo limetulia, kwa sababu ini huweza kuendelea kuharibika katika utulivu huohuo.