Mimba ya kwanza: namna ya kuchagua maternite hapa Bukavu

Dada, watu wakishajua tu uko na mimba, kila mtu anakuwa na maternite yake ya kukushauri. Mama mkwe anataka uende kule alikozalia watoto wake wote, jirani anasema kule hapana, wanatukanaka wamama, rafiki wa kazini anasifu ya kwake juu kuko vigae vipya na chumba cha peke yako. Wote wanakupenda, wasikilize. Lakini kuko swali moja ambalo hawakuulizaka: usiku saa nane, mvua inanyesha, umeme wa SNEL umekata, mambo yamegeuka, nani yuko pale na atanisaidia na nini? Maternite ambayo inakujibu swali hilo bila kuzungukazunguka njo ya kuchagua, hata kama rangi ya ukuta imebabuka.

Nakazia hivi juu ni mimba ya kwanza. Mwili wako haujazaa bado, hakuna mtu anaweza kukutazama tu aseme mtoto atapita au hatapita. Tansio ya mimba, ile ya presha ya damu kupanda, inashikaka sana wenye mimba ya kwanza. Na uchungu wa kwanza ni mrefu, mlango wa kizazi ukishafika sentimita 5 unaweza kuendelea karibu masaa 12 na bado ikawa kawaida, halafu kusukuma peke yake inaweza kufika masaa 3. Kwa hiyo utahitaji watu wenye uvumilivu, wenye kukupima na kuandika kila mara, na wenye kujua saa ya kusema sasa basi, twende sali ya operasio.

Kwanza elewa ngazi zenyewe. Kila kartie iko na kituo chake cha afya, juu yake kuko hospitali jenerali ya zoni, na katikati ya hivyo kuko vidispanseri na vipoliklinike vingi vya watu binafsi, vingine kibao tu cha nje kimeandikwa MATERNITE na ndani ni kitanda kimoja na enfirmie mmoja. Kituo cha afya chenye wakunga wazuri kinatosha kwa wengi, sitaki mtu afikiri kila mama lazima aende hospitali kubwa. Lakini sezarieni, ile ya kupasua tumbo mtoto atoke, wanafanya hospitali, hapa mjini watu wanaendaka Panzi, Hospitali Jenerali ya Provensi, Ciriri kule juu, na kliniki chache zenye dokta wa upasuaji. Kama unachagua kituo kidogo basi unachagua vitu viwili, kile kituo na hospitali watakayokupeleka ikiharibika, na lazima uvijue vyote viwili mbele ya siku. Waulize: mukifanya transfe munapeleka wapi, kwa gari gani, na munapigia nani simu kwanza? Wakianza kuangaliana, umeshapata jibu lako.

Kwa mtoto wa kwanza mimi napendelea mahali penye sali ya operasio palepale, au karibu kabisa. Na hapa Bukavu hatuwezi kusema hatujui sababu. Dokta Mukwege alipoanzisha Panzi mwaka 1999, wazo lake la kwanza lilikuwa wamama wapate mahali pa kuzalia na pa kupasuliwa wakihitaji, halafu vita ikaleta kazi ile ingine ya kutibu wamama waliobakwa, ambayo dunia yote inaijua mpaka zawadi ya Nobel ya 2018. Lakini kati ya wamama waliotibiwa fistula kule kuko wengi ambao hakuna mtu aliwashambulia, ni uchungu tu uliokaa siku mbili siku tatu bila msaada. Kichwa cha mtoto kinakwama, kinabana nyama kati yake na mfupa, damu haipiti, ile nyama inakufa, tundu linabaki, na mama anabaki anavuja mkojo mchana na usiku, mara nyingi na mtoto hakupona. Sezarieni ya kwa wakati ingezuia yote hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia sezarieni ni ya wavivu, au ni hila ya dokta kula pesa, usibishane naye, jua tu yeye hatakuwepo siku ile.

Sasa nenda uone kwa macho. Usiende peke yako, uende na bwana yako au dada yako mkubwa, na uende mapema, mwezi wa tano au wa sita wa mimba, usingoje tumbo ikukataze kutembea. Siku ya CPN, ile ya wamama kupimwa mimba, ni nzuri, kaa kwenye benchi na wamama wengine, sikiliza wakunga wanavyoongea na yule binti mdogo aliyekuja peke yake bila bwana, maana vile wanavyomsemesha yeye njo watakavyokusemesha wewe ukilia usiku.

Uliza dokta wa zamu analala wapi. Hiyo ni swali la adabu kabisa, hakuna wa kukasirika. Kuko mahali dokta analala ndani ya hospitali, na kuko mahali anapigiwa simu atoke kwake Nguba au Muhumba, na kama kwake network haipo, basi tena. Uliza na mtu wa kulaza usingizi kwa operasio, huyo watu wanamsahauka, bila yeye dokta wa upasuaji anabaki amesimama tu. Na umeme: kuko jenereta au solaire, na mafuta iko ndani?

Halafu damu. Mama akivuja kupita nusu lita kisha kuzaa, hiyo tayari ni hatari, na inaendaga haraka sana. Dawa ya kwanza ni oksitosini, sindano ya yuniti 10 ambayo kila mama anapaswa kupata mtoto akishatoka tu, bila kungoja aanze kuvuja. Sasa ile dawa inataka baridi, kati ya digri 2 na 8, ikikaa kwenye joto nguvu inaisha na chupa inabaki vilevile kwa macho. Kwa hiyo mimi naulizaka frigo. Mkunga mmoja wa kituo kimoja cha Kadutu, nilipomuuliza kwa heshima, aliinuka akaifungua mbele yangu: ndani hamna Fanta hamna chakula cha mtu, ni dawa tu, kipimajoto kimefungwa na uzi kwenye rafu, na mlangoni karatasi wanaandika digri asubuhi na jioni, mpaka siku ya Mungu. Akanieleza umeme ukikosa siku nzima wanahamisha kwenye boksi ya barafu. Mtu anayetunza frigo vile, mimi namwachia ndugu yangu bila wasiwasi.

Hapohapo uliza kama damu ya kuongeza iko au lazima mutafute wa kutoa. Mara nyingi watakuambia familia ilete watu. Kwa hiyo pima kundi lako la damu mapema, tafuta ndugu wawili watatu wenye kufaa, na simu zao ziandikwe kwenye fishi, ile karatasi yako ya mimba. Kama wewe ni rhesus negatifu na bwana ni pozitifu, ongea na dokta sasa, kuko sindano ya anti-D ya kuchomwa ndani ya masaa 72 kisha kuzaa kama damu ya mtoto ni pozitifu, na siyo kitu unaanza kutafuta kwenye farmasi usiku. Uliza pia kama wako na sulfati ya magnesiamu, njo dawa ya mama mwenye tansio asianguke kifafa.

Na mtoto je? Omba kuona meza wanayomwekea mtoto asiyelia. Lazima iwe ndani ya sali ya kuzalishia, iwe na joto, na juu yake ule mpira wa kupuliza hewa na maski ndogo ya kichanga. Mtoto asiyepumua anasaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, sasa kama mpira umefungiwa kwenye kabati na ufunguo uko na mtu ameshapanda motari kurudi kwake Bagira, ni sawa na haupo. Kuveze, ile sanduku ya joto ya watoto wachanga, ni nzuri pia, lakini usidanganyike nayo, mahali wanapojua kufunga mtoto mdogo kwenye kifua cha mama ngozi kwa ngozi pameokoa wengi hata bila kuveze.

Barabara sasa. Ramani ya mji inadanganyaka. Unakaa Bagira umechagua Panzi, ni sawa, lakini lazima uvuke mji mzima, na pale Essence na Major Vangu unajua foleni ya jioni. Fanya njia ile mara moja mchana na mara moja jioni, na mvua kama inawezekana, ndipo utajua. Weka simu ya motari au taxi wawili wanaolala karibu na kwenu, uongee nao mbele, mukubaliane na bei. Mama mwenye uchungu mkali motari siyo yake, lakini wengi wanafika hivyo, basi mtu akae nyuma amshike. Kama unaishi kule ambako usiku hapapitiki, ao usalama si mzuri, hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali kuanzia wiki ya 38. Hata mama mkwe akinuna, ataelewa akibeba mjukuu.

Pesa ni maneno ya aibu kwetu lakini tuyaongee, juu kuko maternite zinazozuia mama na mtoto mpaka fakture ilipwe, na yule mama analala kwenye godoro ya chini wiki nzima maziwa yanakauka kwa mawazo. Uliza bei mbili, ya kuzaa kawaida na ya sezarieni, na ndani yake wanahesabu nini: dawa, glovu, serumu, kitanda, siku ngapi? Wanaomba garanti kwanza mbele ya kupasua? Kiasi gani, dola ao franka? Weka akiba ya bei ya sezarieni, ukizaa vizuri pesa itanunua vitu ya mtoto. Serikali ilianzisha kuzalisha bure, ilianza Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023 halafu ikaendelea na provensi zingine, lakini usiende na habari ya redio peke yake, uliza maternite yenyewe kama iko ndani ya ile programu na nini mama anabaki kulipa. Na kama kwenu kuko mutuweli ya afya, ule mfuko wa kuchangiana pesa ya matibabu, parokia nyingi ziko nazo, ingia mapema, maana wanawekaka muda wa kungoja mbele ya kuanza kukulipia.

Namna wanavyokutendea, wengine watasema hiyo ni ya matajiri, mimi nakataa. Mama anayeogopa kupigwa kofi ao kutukanwa anachelewa kwenda, na kuchelewa kunaua. Uliza kama mama yako ao dada yako anaruhusiwa kuingia nawe, hata OMS, shirika la afya la dunia, inashauri mama awe na mtu wake wa kumchagua. Uliza kama kuko pazia kati ya vitanda. Angalia choo na maji, kama REGIDESO imekata wako na sitani ya kuweka maji? Angalia gardimaladi, wale ndugu wa kulinda mgonjwa, wanalala wapi na wanapika wapi, juu kwetu familia njo inaleta uji na maji ya moto.

Ukishachagua, CPN anza mapema, mbele ya wiki 12, na tangu 2016 OMS inasema angalau mara 8 mpaka kuzaa. Unaweza kuzifanya kituo cha karibu, zile za kupewa muskitero, chandarua cha mbu, na dawa ya malaria na kupima sida, kaswende na tansio, lakini zile za mwisho fanya pale utakapozalia, wakujue na wawe na fishi yako. Ekografi moja fanya mbele ya wiki 24, inasaidia kujua umri wa mimba sawasawa. Fishi iwe ndani ya sakoshi kila siku, siyo kwenye sanduku la bwana.

Na usingoje uchungu ukiona hivi: damu, kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, uso na mikono vinavimba, homa, maji yamepasuka, ao mtoto hachezi kama kawaida. Nenda saa ileile, hata kama ulikuwa huko jana.

Kisha kuzaa kaa angalau masaa 24, usikubali kutolewa masaa sita juu kitanda kinatakiwa, damu nyingi ya hatari inakujaga siku hiyohiyo. Mbele ya kutoka hakikisha mtoto amepata BCG na matone ya polio, kama siku ile hakuna chanjo waandike siku ya kurudi. Na uombe karatasi ya kuzaliwa yenye kashe, muhuri wa hospitali, jina lenu limeandikwa sawasawa, soma herufi kwa herufi ukiwa bado pale, maana njo hiyo bwana atapeleka kwenye ofisi ya etasivili ya komini, pale wanapoandikisha watoto, ndani ya siku 90, na ndani ya siku hizo kuandikisha mtoto ni bure.